Barua ya Kuachishwa Kazi na Siku 30 za Kudai Haki

Barua ya kuachishwa kazi ikishatua mezani, wengi hukimbilia kukopa kwa ndugu. Wachache huitazama kalenda. Hapo ndipo wengi wanapopunjika. Nchini Tanzania, anayeamini ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na shauri huanza kwa usuluhishi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayelipwa kwa mwezi notisi isiyopungua siku 28, au malipo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10: aliyetumikia miaka 6 hupata wa siku 42. Aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hakipati.

Lakini cheti cha utumishi hudaiwa hata bosi akinuna.