Je, Wajua? Mtoto wa Wazo, Dar es Salaam, akikamatwa

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009, kifungu cha 119, inakataza aliye chini ya miaka 18 kuhukumiwa kifungo cha jela. Kesi yake husikilizwa faragha, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Akikosa dhamana, anatakiwa kuwekwa Mahabusu ya Watoto, Upanga, mbali na watu wazima.

Lakini watoto hawatendewi sawa. Marekani, mwaka 2021, kijana mweusi alikuwa na uwezekano wa kufungiwa karibu mara tano ya kijana mzungu. Kwetu kinachotenganisha watoto ni mfuko wa mzazi: kwa kosa lile lile, mwenye mdhamini hulala kwao, wa mitaani hubaki ndani. Inauma. Mzazi, wahi kituoni na cheti cha kuzaliwa; asiye na uthibitisho wa umri anaweza kuhesabiwa mtu mzima.