Argwings Kodhek si barabara tu, alikuwa mtu

KAMA huwa unapanda matatu za 46 kuelekea Yaya au Kawangware, jina lake umelisikia mara nyingi kuliko la babu yako mzaa mama. "Argwings kuna jam, tunapitia Ngong Road," makanga anatangaza, na hakuna anayeuliza Argwings ni nani. Umempigia mtu wa boda ukamwelekeza, "niko Argwings Kodhek, hapo karibu na Nairobi Hospital." Pengine una beshte aliyepata keja mitaa hiyo na tangu apate hajaacha kukukumbusha.

Sasa nikikusimamisha hapo steji nikuulize Argwings Kodhek alikuwa nani, utanijibu nini? Usione haya ukidhani ni mlowezi fulani wa Kizungu aliyesahau kubeba jina lake akienda. Jina lenyewe linakupeleka huko. Lakini huyu alikuwa Mluo wa Gem, katika kaunti tunayoiita Siaya leo, aliyezaliwa 1923. Ukikuta maandishi yanayomwita C.M.G., herufi hizo ni Chiedo More Gem. Kwao alikubeba ndani ya jina, hata alipokuwa mbali sana na kwao.

Na mbali alienda. Alianza na masomo Yala, akavuka mpaka hadi Kisubi, Uganda, kisha Makerere. Enzi hizo Makerere ndiyo iliyokuwa kilele kwa kijana Mwafrika wa Afrika Mashariki, na wengi waliotoka huko waligeuka walimu. Yeye pia alishika chaki. Angeweza kuishia hapo na bado wangemheshimu kijijini: mwalimu mwenye baiskeli, suruali iliyopigwa pasi na mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mwaka 1947 akapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza, huko Cardiff, Wales. Hebu tulia na hii kidogo. Wewe ukienda ng'ambo leo unalala Nairobi unaamka Heathrow, na mama ameshakutumia ujumbe mara tatu akiuliza kama umekula. Wakati ule watu wengi walisafiri kwa meli: unatoka Mombasa, mnapita Aden, mnaingia Mfereji wa Suez, mnakata Mediterania. Wiki kadhaa baharini. Barua ya kwenda nyumbani nayo ilikuwa na safari yake.

Kilichofuata ndicho kinachofanya nimpende huyu jamaa. Hakutumwa kusomea sheria. Serikali ya kikoloni haikuwa na hamu yoyote ya kutoa mawakili Waafrika, na sababu yake si fumbo. Daktari Mwafrika atatibu wagonjwa, mwalimu atafundisha hesabu, lakini wakili atasoma sheria za mkoloni na kumuuliza kwa nini yeye mwenyewe hazifuati. Ndiyo maana Afrika Mashariki nzima haikuwa na chuo cha kufundisha sheria hadi 1961, kitivo cha kwanza kilipofunguliwa Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata cha kwake 1970. Kwa hivyo kijana wa Gem alipofika huko na kubadili mkondo akaingia sheria, hakuwa anabadilisha kozi vile wewe unavyohama kutoka BCom hadi IT. Alikuwa anachukua kitu ambacho hakupangiwa.

Akajiunga na Lincoln's Inn, London, moja ya jumuiya nne za kale ambazo bila kupitia humo huwezi kuwa wakili wa mahakama Uingereza. Wakati ule zilikuwa na utaratibu mmoja ambao ungekuchekesha: mbali na mitihani, mwanafunzi alilazimika kula chakula cha jioni ukumbini idadi fulani ya mara kabla ya kukubaliwa. Ndiyo, kula kulikuwa sehemu ya masomo. Alikubaliwa uwakili mwaka 1951. Anahesabiwa kuwa Mwafrika wa kwanza kutoka Kenya kufika hapo. Charles Njonjo, ambaye jina lake unalijua zaidi, alihitimu miaka mitatu baadaye.

Huko ughaibuni alipata pia mke. Aliitwa Mavis Tate, Mwairishi.

Leo ndoa kama hiyo ni picha za Instagram na watu wawili watatu wenye kelele kwenye maoni. Wakati ule ilikuwa jambo la kufikishwa hadi kwa mawaziri. Mwaka 1948 Seretse Khama, naye akiwa mwanafunzi wa sheria London, alimwoa Mwingereza Ruth Williams. Seretse alikuwa mrithi wa kiti cha ufalme kwao Bechuanaland, nchi tunayoiita Botswana. Serikali ya Uingereza ilimzuia kuishi kwao hadi 1956, sana sana kwa kuogopa kuwaudhi makaburu wa Afrika Kusini. Argwings-Kodhek hakuwa mwana wa mfalme na hakuna aliyemfukuza Kenya. Lakini fikiria wawili hawa wakifunga mizigo kurudi Nairobi mwaka 1952. Wanaenda kuishi wapi?

Swali hilo si la kishairi. Nairobi ilikuwa imekatwa vipande kwa rangi ya ngozi. Mwafrika alikuwa Eastlands: Pumwani, Kaloleni, Bahati, Makongeni. Mhindi alikuwa Ngara na Parklands. Mzungu alikuwa upande wa juu wenye miti na hewa, Kilimani na Hurlingham zikiwemo. Shule vilevile: iliyokuwa Prince of Wales, sasa Nairobi School, ya Wazungu, iliyokuwa Duke of Gloucester, sasa Jamhuri High, ya Wahindi, Alliance ya Waafrika. Mgonjwa Mwafrika alipelekwa King George VI, hiyo Kenyatta ya leo. Mzungu alijengewa yake, ikafunguliwa 1954 kwa jina la European Hospital. Unaijua vizuri. Ni ile Nairobi Hospital unayomtajia mtu wa boda, na anwani yake leo ni Barabara ya Argwings Kodhek.

Katika jiji la namna hiyo, mume angekuwa wa Kaloleni na mke wa Hurlingham. Sheria na desturi za mji hazikuwa na mahali pa kuiweka familia yao. Tunapenda kuwasimulia mashujaa wetu wakiwa jukwaani tu, mkono juu, wakihutubia umati, na tunasahau kwamba jioni walirudi nyumbani, tena nyumba yenyewe kuipata ilikuwa vita nyingine.

Kazi nayo ilikuja na tusi lake. Inasimuliwa kwamba alipewa nafasi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, lakini kwa mshahara ulio chini kabisa ya ule wa Mzungu mwenye masomo kama yake. Akakataa. Ukweli ni kwamba mishahara ya serikali ilipangwa kwa rangi, kwa hivyo hakukuwa na ajabu katika ofa hiyo. La ajabu ni kijana mwenye mke kuiacha mezani. Wewe uliyekaa miaka miwili na digrii bila kazi unajua hilo lina uzito gani.

Akaanza kufanya kazi yake mwenyewe, na wakati ukawa mbaya kuliko wote. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Makosa ya kunyongewa yakaongezwa. Kupatikana na bunduki, kunyongwa. Kupatikana na risasi tu, bila hata bunduki, kunyongwa. Kulisha mtu kiapo, kunyongwa. Kuanzia 1953 kukawa na mahakama maalumu za kuharakisha kesi hizo. Mwanahistoria David Anderson, aliyepekua faili zake, alihesabu watu 1,090 walionyongwa kwa kesi za Mau Mau. Hakuna koloni jingine la Uingereza la wakati huo lililofika idadi hiyo.

Washtakiwa wengi walikuwa maskini, hawajui Kiingereza, na kila kitu kinapitia kwa mkalimani. Nani atasimama hapo? Walikuwepo mawakili wa asili ya Kihindi kama A.R. Kapila na Fitz de Souza, na hao wanastahili makala yao. Kisha alikuwepo Argwings-Kodhek, Mwafrika kati ya mawakili, na watu wakamwita wakili wa Mau Mau. Lilikuwa jina la sifa Eastlands, na la kutiliwa shaka kwenye ofisi za serikali.

Nataka ulione jambo ambalo vitabu vya historia hulipita mbio. Washtakiwa wengi walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wakili alikuwa Mluo. Mnamo Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi waliifunga Nairobi wakawachuja wakazi kwa kabila, na makumi ya maelfu wakapelekwa vizuizini. Ujumbe kwa Mluo ulikuwa wazi: hii si shida yako, endelea na maisha yako. Mahakamani, kazi ya mtetezi wakati huo ilikuwa ni maswali madogo madogo yanayochosha: aliyekutambua alikuwa umbali gani, kulikuwa na mwezi usiku huo, maungamo haya yaliandikwa kwa lugha gani na uliyasaini baada ya kukaa seli siku ngapi. Kwa maswali kama hayo mtu aliweza kuepuka kitanzi, au asiepuke.

Kutoka mahakamani hadi siasa palikuwa hatua moja. Mwaka 1955 alitaka kuunda chama cha taifa zima, Kenya African National Congress. Serikali ikasema Waafrika waruhusiwe vyama vya wilaya tu, na chama hicho kikasajiliwa kwa jina la Nairobi District African Congress. Ukishangaa siasa zetu zilianzaje kugawanyika kimaeneo, anzia hapo.

Kisha ukaja uchaguzi wa Machi 1957, mara ya kwanza Waafrika kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Ulikuwa uchaguzi wa vituko. Mwafrika alipiga kura kulingana na masomo, mali, mapato na mambo kama hayo, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu. Nairobi, wakili wetu alikutana na kijana wa vyama vya wafanyakazi aliyekuwa amerudi juzi tu kutoka Oxford. Tom Mboya alikuwa na miaka 26. Mboya akashinda. Mimi huona hapo ndipo kumbukumbu zetu zilipohama. Mboya alikuwa na sauti, mtandao na haraka, na historia humpenda mtu wa haraka. Hata barabara zilifuata mkondo huo: Mboya alipata mtaa katikati ya jiji pamoja na sanamu.

Argwings-Kodhek hakuzimika. Mwaka 1963 Gem ilimpeleka bungeni. Odinga alipotoka KANU 1966 na kuunda KPU, yeye alibaki KANU, uamuzi ambao nyumbani Nyanza haukuwa mwepesi. Akawa waziri, na mwishowe akashughulikia masuala ya kigeni. Mtu aliyeondoka kwa ufadhili wa kikoloni sasa aliizungumzia Kenya huru mbele ya wageni.

Alifariki Januari 29, 1969, huko huko Hurlingham. Taarifa ilisema ni ajali ya gari. Wapo ambao hawakuamini, na maneno kwamba alipigwa risasi hayajaisha hadi leo. Mimi sitakuuzia uvumi kwa bei ya ukweli. Nitakukumbusha tu mwaka wenyewe. Pio Gama Pinto alikuwa ameuawa kwa risasi nyumbani kwake Nairobi, Februari 1965. Julai 5, 1969, miezi mitano baada ya Argwings-Kodhek, Mboya alipigwa risasi mchana peupe katikati ya jiji. Katika nchi ya namna hiyo mtu akisikia "ajali" huuliza mara mbili.

Kiti cha Gem kikabaki wazi, na wapiga kura wakampa Wasonga Sijeyo wa KPU, chama cha upinzani. KANU ikapoteza mahali ambapo waziri wake alikuwa ametoka kuzikwa. Kabla mwaka kuisha, KPU ilipigwa marufuku.

Barabara ikapewa jina lake, na inapita katikati ya mtaa ambao aliporudi na Mavis mwaka 1952 haukuwa wa watu kama yeye. Karibu na hapo kuna Dennis Pritt Road. Huyo ni D.N. Pritt, Mwingereza aliyeongoza mawakili wa Kenyatta na wenzake kule Kapenguria. Mawakili wawili wa zama moja, na mitaa yao unaweza kutembea kwa mguu kutoka mmoja hadi mwingine.

Ukitaka kumsikia mwenyewe badala ya kunisikia mimi, kuna njia. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge za miaka ile, ziko kwenye Google Books na kuzisoma ni bure. Andika jina lake, chagua miaka ya 1963 hadi 1968, uone anavyojibizana na wenzake. Utahitaji bando kiasi na uvumilivu, maana kurasa ziliskaniwa na baadhi ya herufi zimefifia. Anza na siku ambazo wabunge walimbana kwa maswali.