Viwanja vya Ndege za Vita Vilivyogeuka Maabara ya Atomiki

Karibu na kijiji cha Harwell, kusini ya mji wa Oxford huko Uingereza, limesimama jiwe la kumbukumbu mahali ilipoishia njia ya kurukia ndege. Usiku wa tarehe 5 Juni 1944 ziliruka hapo ndege zilizowachukua askari wa miavuli, ambao walikuwa wanajeshi wa kwanza wa Kiingereza kutua Normandy. Haikutimia hata miaka miwili, na uwanja huo ukakabidhiwa wanasayansi wa atomu.

Msomaji huenda akajiuliza: kuna uhusiano gani baina ya ndege za mabomu na uchunguzi wa viini vya atomu? Jibu limo katika namna viwanja hivyo vilivyojengwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa na viwanja vya kijeshi zaidi ya 600. Kipimo kilichowekwa mwaka 1942 kwa viwanja vya ndege kubwa kilitaka njia tatu za zege zinazokatana, moja ya urefu wa kiasi cha mita 1,830 na mbili za mita 1,280, na barabara ya kuuzunguka uwanja wote. Njia zilikuwa tatu kwa sababu ndege inayotua hupenda kuupokea upepo kwa pua. Upepo wa ubavuni huiyumbisha. Zege nene namna ile haling'oki kwa jembe. Baadhi ya viwanja vilirudi kuwa mashamba, navyo kama Silverstone vikawa mahali pa mashindano ya magari, barabara ile ya kuzunguka ikifaa sana kwa kazi hiyo.

Harwell ilikuwa na zaidi ya zege. Ulikuwa uwanja uliofunguliwa mwaka 1937, kabla ya vita, kwa hiyo ulijengwa ili udumu: nyumba za matofali, maji, umeme, mifereji ya maji machafu, na mabanda makubwa ya ndege yasiyo na nguzo katikati. John Cockcroft, ambaye mwaka 1932 pamoja na Ernest Walton alikipasua kiini cha atomu kwa mtambo, aliteuliwa kuwa mkurugenzi. Katika nchi iliyochoshwa na vita, ambako matofali na mbao vilikuwa adimu, kupewa banda tupu lililokwisha ezekwa ilikuwa bahati kubwa.

Ndani ya banda mojawapo kikajengwa kinu cha atomiki kilichoitwa GLEEP, kilichowashwa tarehe 15 Agosti 1947. Kilikuwa cha kwanza katika Ulaya ya Magharibi. Nguvu yake kwa kawaida ilikuwa kilowati 3 tu, lakini hakikukusudiwa kutoa umeme. Kazi yake ilikuwa kupima usafi wa grafiti na urani kwa ajili ya vinu vingine. Kikafuatiwa mwaka 1948 na BEPO, chenye nguvu zaidi, ambacho joto lake lilitumika hata kupasha majengo ya hapo moto. Kile kidogo ndicho kilichoishi zaidi: BEPO kilizimwa mwaka 1968, GLEEP kikafanya kazi hadi 1990.

Katika banda jingine kulitokea mkasa ambao kila mwanafunzi wa sayansi angepaswa kuujua. Mwaka 1957 ulianza kazi hapo mtambo wa ZETA, bomba kubwa la duara lililojazwa gesi ya deuteri na kupitishwa mkondo mkali wa umeme, ili gesi ipate joto hata viini vyake viungane kama vinavyoungana ndani ya jua. Zikaonekana nyutroni. Januari 1958 ulimwengu ukatangaziwa kwamba huenda viini vimeungana kwa joto. Haukupita mwaka ikabidi habari hiyo ifutwe: nyutroni zilitokana na chembe zilizosukumwa na misukosuko ya umeme ndani ya gesi, wala si na joto. Kukiri huko kuliwaumiza wahusika, lakini kulizaa uangalifu mkubwa katika kupima joto.

Uchunguzi wa aina hiyo ukahamishiwa Culham, umbali mfupi kutoka Harwell, na Culham nako kulikuwa uwanja wa ndege wa jeshi la wanamaji. Mwaka 1969 wataalamu wa Culham walikwenda Moscow na mtambo wao wa leza, wakapima joto la gesi ndani ya tokamaki ya Warusi iitwayo T-3, wakathibitisha kwamba wenyeji wao walisema kweli. Vita baridi vilikuwa vikali wakati huo, na bado jambo hili liliwezekana! Baada ya hapo nchi nyingi zikaijenga tokamaki, na iliyojengwa Culham kwa fedha za Ulaya, JET, ikawashwa Juni 1983. Mwaka 2023, kabla ya kufungwa mwezi wa Desemba, ilitoa nishati ya megajuli 69 katika jaribio moja. Kiasi hicho kingeitosha pasi ya umeme ya kilowati moja kwa saa 19 hivi. Ni kidogo kwa mlaji wa umeme, ila kwa mwanafizikia ni kingi mno.

Lakini ardhi iliyopatikana kwa urahisi haikutunzwa sikuzote kwa uangalifu uliotumika katika kupima nyutroni. Harwell, taka za kemikali zilifukiwa mashimoni kwa miaka mingi. Chini ya udongo wa hapo pana mwamba wa chaki wenye nyufa, na chaki hiyo ndiyo ghala la maji ya visima. Vimiminika vya klorini, vilivyotumiwa kuondolea mafuta kwenye vyuma, vikapenya taratibu mpaka majini. Katika miaka ya 1990 ilibidi maji yavutwe kwa pampu na kupulizwa hewa ili kemikali hizo zitoke, kazi iliyochukua miaka mingi kuliko vita vyenyewe.