Utumbo na Maradhi ya Sukari: Upasuaji Humfaa Nani?



Si zamani sana, baba wa mwanafunzi wangu mmoja alinijia chuoni baada ya sala ya alasiri, uso wake una furaha iliyochanganyika na hofu. Mwanawe ana umri wa miaka 12, na kwa miaka minne sasa hudungwa sindano ya insulini kila siku. Baba huyu alikuwa amesikia barazani ya kwamba madaktari siku hizi huwapasua matumbo wenye maradhi ya sukari, wakapona na kuzitupa sindano zao. Akaniuliza mambo mawili. La kwanza, je, yajuzu kukatwa utumbo aliotuumbia Mola wetu? La pili, je, si afadhali aanze kumpunguzia mtoto sindano, huku akikusanya fedha za kumpeleka akapasuliwe?

La kwanza nilimjibu papo hapo. Mtume wetu (s.a.w.) aliwahimiza watu wajitibu, na akafundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameyawekea maradhi dawa zake. Upasuaji wa tabibu mjuzi, kwa haja ya kweli, ni katika tiba. La pili lilinitetemesha. Nilimsihi asipunguze hata tone moja mpaka aonane na daktari wa mtoto. Kisha nami nikaenda kuwauliza wajuzi. Niliyojifunza ndiyo haya ninayowaandikia, kwani najua baba huyu hakuwa peke yake.

KAZI YA INSULINI

Insulini hutolewa na kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo. Kazi yake ni kama ya bawabu: huifungua milango ya mwili ili sukari iliyomo damuni iingie ndani, iwe nguvu. Bawabu akikosekana, au milango ikiwa mizito kufunguka, sukari hulundikana katika damu, na kwa miaka huharibu macho, mafigo, moyo na miguu.

UTUMBO SI MFEREJI MTUPU

Wengi wetu twaudhani utumbo kuwa ni mfereji tu. Chakula chaingia huku na taka zatoka kule. Sivyo. Mwaka 1902 wataalamu wawili wa London, William Bayliss na Ernest Starling, waligundua kuwa utumbo mwembamba, ukifikiwa na uchachu utokao tumboni, hutia ndani ya damu kitu kinachokwenda kuliamrisha kongosho limimine maji yake ya kusagia chakula. Utumbo, basi, hupeleka salamu, na damu ndiyo njia yake. Mwaka 1964 madaktari wa London walionyesha tena kuwa sukari ikitiwa utumboni huamsha insulini nyingi kuliko sukari ile ile ikitiwa katika mshipa wa damu. Maana yake ni kwamba utumbo hulipasha kongosho habari mapema: chakula chaja, jitayarishe! Mmoja katika matarishi hao huitwa GLP-1, naye hutoka zaidi katika sehemu ya chini ya utumbo.

JAMBO LISILOTAZAMIWA

Upasuaji tunaouzungumza haukubuniwa kwa ajili ya sukari. Mwaka 1966 Dakta Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliuanza ili kuwapunguza uzito watu walionenepa kupita kiasi. Kwa namna ufanywavyo sasa, mpasuaji hutenga sehemu ndogo ya juu ya tumbo, ikawa kifuko kadiri ya yai la kuku. Kisha huukata utumbo mwembamba, akaipandisha sehemu ya chini na kuiunga na kifuko kile. Chakula hushuka kwa njia ya mkato, pasipo kupita sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Sehemu iliyorukwa haitupwi. Huungwa huko chini, ili maji yake yakutane na chakula.

Katika mji wa Greenville, North Carolina, Dakta Walter Pories na wenzake walipokuwa wakiwafanyia watu upasuaji wa namna hii, waliona ajabu. Wagonjwa wa sukari, siku chache tu baada ya kupasuliwa, na kabla miili haijapungua, sukari yao ilishuka. Mwaka 1995 walitoa taarifa yao: katika wagonjwa 146 wa sukari ya watu wazima, 121 sukari yao ilirejea hali ya kawaida ikadumu hivyo.

Sababu moja ni nyepesi: aliyepasuliwa hula kidogo mno siku zile. Lakini hiyo haikutosha. Mwaka 2004 Dakta Francesco Rubino, huko Strasbourg, Ufaransa, alieleza habari za panya wenye sukari ambao hawakuwa wanene. Aliwarusha mwanzo wa utumbo tu, tumbo lao akaliacha zima, na sukari yao ikapungua bila ya uzito kupungua. Katika majaribio yake ya baadaye, njia ya zamani ilipofunguliwa tena, sukari ilirudi juu. Wengine wasema kuurusha mwanzo wa utumbo ndiko kunakosaidia. Wengine wasema ni kwa sababu chakula hufika upesi chini, kikaamsha GLP-1 kwa wingi. Huenda kila upande una fungu lake la ukweli. Na kupungua uzito baadaye huongeza nguvu.

KHERI YAKE NA GHARAMA YAKE

Je, huku ndiko kupona? Huko Roma wagonjwa 60 waligawanywa: 20 wakatibiwa kwa dawa, 40 wakapasuliwa kwa namna mbili. Matokeo ya miaka 10 yalitangazwa mwaka 2021. Katika wale 40, watu 15 hawakurudiwa na maradhi muda wote huo. Katika waliopangiwa dawa, waliopata nafuu hiyo hawakufika 6 kwa mia. Hata waliorudiwa, sukari yao ilitawalika vizuri kuliko kwanza. Hii ni neema kubwa, lakini si kinga ya milele. Aliyepasuliwa hana budi kuendelea kupimwa.

Tena kisu kina deni lake. Mwili hushindwa kufyonza barabara chuma, chokaa na vitamini B12, na mgonjwa hulazimika kutumia dawa za kuvifidia maisha yake yote. Wengine wakila kitu kitamu hushikwa na kizunguzungu na jasho, na wengine sukari yao huteremka kupita kiasi. Ukifika mwezi wa Ramadhani, mtu wa hali hii asifunge kwa ushujaa. Amwulize daktari wake, na akumbuke kuwa Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa.

Mwaka 2016 vyama 45 vya madaktari na wataalamu viliukubali upasuaji huu kuwa tiba ya sukari ya watu wazima kwa walionenepa sana. Kwa mfano, mwanamke mwenye kimo cha mita 1.60 hupendekezwa apasuliwe akifikia kilo 102, au kilo 90 ikiwa sukari yake imeshindikana kwa dawa na mashauri mema. Tangu wakati huo baadhi ya vyama vimekiteremsha kiwango hicho. Lakini hakuna chama kilichosema kila mwenye sukari apasuliwe.

TUMRUDIE YULE MTOTO

Maradhi ya mtoto yule hayatokani na milango mizito. Bawabu mwenyewe ndiye aliyekufa. Kinga ya mwili wake imeviangamiza vijisehemu vya kongosho vifanyavyo insulini. Utumbo na upeleke matarishi wake, wapige hodi watakavyo. Nyumbani hamna mtu wa kuitika. Mtoto kama huyu, kabla ya mwaka 1922, insulini ilipotumiwa mara ya kwanza kumtibu kijana wa miaka 14 huko Toronto, Kanada, alikuwa hana tumaini. Leo akinyimwa insulini, hufa katika muda wa siku au majuma machache. Lau baba yule angaliifuata habari ya barazani, angalimzika mwanawe huku akidhani anamponya.

Nilipomweleza haya alinyamaza, kisha akasema, "Basi mwalimu, sindano zile ndizo rehema yake." Nikamwambia, "Naam, ndizo."

Enyi wazazi, mkisikia habari ya tiba mpya, furahini, lakini ulizeni kwanza: ni kwa maradhi gani, na kwa mgonjwa gani? Nanyi vijana, ambao matumbo yenu bado ni mazima, kumbukeni kuwa Mtume (s.a.w.) alitufundisha tusilijaze tumbo chakula, bali tuache nafasi ya maji na ya pumzi. Wengi katika wanaolala leo chini ya kisu wangeitoa mali yao yote wapate kuirudia siku ambayo kiasi kilitosha kuwa dawa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awape waganga wetu elimu yenye manufaa. Amin.