Lenzi ya Picha za Uso: Makro au Praimu?

Yamkini nawe umo miongoni mwa waliojiwekea akiba kidogo kidogo ili wanunue lenzi moja ya kupigia picha za watu, ama kwa kumbukumbu ya jamaa, ama kwa kujipatia riziki ya pembeni siku za mapumziko. Dukani utawekewa mbili: makro, itazamayo vitu vidogo kwa karibu sana, na praimu ya kawaida, isiyovuta wala kurudisha picha. (Kusema kweli makro nyingi nazo ni praimu, ila tufuate lugha ya wauzaji.) Fedha uliyo nayo inatosha moja tu.

Wako wanaodhani kuwa makro huharibu uso kwa kukuza pua. Sivyo hata kidogo. Pua huvimba pichani kwa sababu mpigaji amemsogelea mno anayepigwa; arudi nyuma mita mbili, nayo itarejea mahali pake, lenzi iwe yoyote. Makro ya milimita 90 au 100 humruhusu kusimama mbali kiasi hicho na uso bado ukaijaza picha. Tamron ilitoa yake ya milimita 90 mwaka 1979, nayo ikapendwa kwa nyuso kama ilivyopendwa kwa maua.

Taabu yake ni nuru. Makro nyingi za urefu huo hufunguka hadi f/2.8 tu, ilhali praimu ya milimita 85 isiyo ghali mno hufikia f/1.8, ambayo hupitisha nuru karibu mara mbili na nusu. Tofauti hiyo utaiona ukumbini usiku wa harusi, taa zikiwa hafifu na bwana harusi hatulii: makro nyingi huchelewa kuushika uso gizani, na tabasamu halingoji. Tena makro huonyesha kila kovu na kila kunyanzi. Shangazi yako hatakushukuru.

Hata hivyo, ikiwa wewe ni sonara au mtengeneza shanga, mchana unapiga picha za bidhaa na jioni za wateja, chukua makro bila kusita. Asiye na kazi hiyo na aanze na praimu ya milimita 50 ya f/1.8, iliyo rahisi kuliko zote hizo. Kwenye kamera nyingi za bei ya kadiri hutazama kama ya milimita 75 au 80, kipimo kinachoufaa uso. Fedha itakayobaki inunue shuka jeupe. Mketishe mama karibu na dirisha, shuka likishikwa upande wa pili, na kivuli cha shavuni kitalainika.