Mizani Mbele ya Mkulima: Ushirika katika Biashara ya Pamba na Kahawa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukuma walifanya jambo ambalo katika darasa la fizikia lingehesabiwa kuwa jaribio la kawaida kabisa: walipima mzigo mmoja mara mbili, kwa mizani mbili tofauti. Kwa muda mrefu walikuwa wakilalamika kwamba mizani ya wanunuzi huwapunja. Hatimaye wakaweka wapimaji wao wenyewe, na mkulima akaweza kujua uzito wa pamba yake kabla mnunuzi hajautaja. Kutokana na juhudi hizo vilichipuka vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 vyama vya kanda hiyo vilikuwa vimeungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Kiongozi wake aliyejulikana zaidi alikuwa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Yafaa ieleweke kwa nini mizani mbovu humwumiza zaidi mkulima mdogo. Chukulia kwamba mshale wa mizani, badala ya kuanzia kwenye sifuri, unaanzia kilo 2 chini yake. Kosa hilo halibadiliki, mzigo uwe mkubwa au mdogo. Mwenye kilo 200 atapoteza asilimia 1 ya mali yake, ilhali mwenye kilo 20 atapoteza asilimia 10. Wakulima kumi wenye kilo 20 kila mmoja wakipima mmoja mmoja, watapoteza kilo 20 kwa jumla. Wakiikusanya pamba yao na kuipima kwa mara moja, watapoteza kilo 2 tu. Hiyo ni faida ya ushirika hata kabla bei haijazungumzwa. Kwa haki, ni lazima kusema pia kwamba si wanunuzi peke yao waliojua hila: maji na mchanga vimekwisha kuonekana mara nyingi ndani ya magunia ya pamba, na havikuingia humo kwa upepo.

Uzito, hata hivyo, ni sifa nyepesi kupimwa. Kuna mazao ambayo thamani yake haionekani kwenye mizani, na mfano wake ulio wazi ni kahawa ya Kilimanjaro. Huko ushirika ulitangulia ule wa Usukuma. Mwaka 1925 wakulima Wachaga, wakiongozwa na Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha wapandaji wa kahawa, wakati ambapo walowezi wengi hawakupenda kumwona Mwafrika akilima kahawa aina ya arabika. Sheria ya vyama vya ushirika ilipotungwa mwaka 1932, chama hicho kilifuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933.

Tunda la kahawa likisha kuchumwa halisubiri. Ganda lake jekundu hapana budi limenywe siku ileile, kisha punje zilizofunikwa na ute huachwa zichachuke hadi vijidudu viuvunje ute huo, ndipo zioshwe na kuanikwa juu ya vichanja mpaka unyevu ushuke kufikia kati ya asilimia 10 na 12. Zikichachuka kupita kiasi hutoa harufu ya uvundo. Zikianikwa nusunusu huota ukungu ghalani. Kilo 5 hivi za matunda hutoa kilo 1 ya kahawa ya maganda. Kwa miaka mingi kazi hiyo yote ilifanyika nyumbani, kwa mashine ndogo ya mkono iliyozungushwa kihambani, kila kaya kwa maji yake na kwa uangalifu wake. Karani wa chama cha msingi aliipokea kahawa ya maganda, akaipima, akaimwaga pamoja na ya wengine. Hukumu ya waonjaji na bei ya mnada wa Moshi zilikuja baadaye sana, na zilihusu shehena nzima.

Hapa ndipo penye kasoro ambayo wanafunzi wa hisabati wanaweza kuikokotoa wenyewe. Chukulia kwamba katika kila kilo 100, kilo 60 ni kahawa njema ambayo ingeuzwa shilingi 6,000 kwa kilo, na 40 ni hafifu, ya shilingi 4,000. Bei ya wastani ni shilingi 5,200. Mwangalifu amepoteza 800 kwa kila kilo. Mzembe amejipatia 1,200 bila jasho. Msimu unaofuata, nusu ya waangalifu wakiamua kutojisumbua, kahawa njema itabaki kilo 30 na wastani utashuka hadi 4,600. Kwa hakika hali huwa mbaya kuliko hesabu hiyo, kwa sababu punje chache zilizooza huharibu ladha ya kikombe kizima, na mnunuzi hatoi bei ya wastani kwa kahawa yenye harufu.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi zake zikahamishiwa kwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, vyama vilijikuta katika mashindano magumu: mnunuzi binafsi alilipa fedha taslimu papo hapo, ilhali chama kilitoa malipo ya awali, na mengine baada ya mnada. Wapo waliowalaumu wakulima kwa kukosa uaminifu. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Mzazi anayedaiwa ada ya shule hawezi kumlipa mwalimu mkuu kwa ahadi ya malipo ya pili, hasa ikiwa hajui yatakuwa kiasi gani wala makato yake yamehesabiwaje.

Baadhi ya vyama vya msingi vimejibu kasoro hiyo kwa kujenga mitambo ya pamoja ya kumenyea kahawa. Mkulima haleti tena kahawa ya maganda, bali matunda mabichi, yaliyochumwa asubuhi. Yaliyo mekundu huchaguliwa, ya kijani hurudishwa. Kisha humwagwa majini. Tunda lililokomaa vizuri huzama. Lililotobolewa na wadudu, au ambalo punje yake haikujaa, lina hewa ndani na uwiano wake wa uzito kwa ujazo ni mdogo kuliko wa maji, basi huelea, nalo huenguliwa. Mtambo una gharama zake: unahitaji maji mengi na fundi wa kuutunza, na maji machafu yenye ute hayafai kumwagwa mtoni, kwani yakioza humaliza oksijeni inayotegemewa na samaki. Lakini mwenye mzigo amesimama kando ya tangi, anaona ngapi zimeelea, na kilo zinazoandikwa katika kitabu chake ni za yale yaliyozama.