Asali na Mafuta ya Kunukia kwa Ngozi ya Watu wa Nyumbani

Asali ni chakula, tena ni dawa. Wazee wa Ukambani na Baringo, ambako mizinga ya magogo hutundikwa mitini tangu zamani, walijua hayo kabla ya kujengwa duka la kwanza la dawa. Lakini kila dawa ina kipimo chake, na yafaa wazazi wakifahamu kabla ya kuwapaka watoto wao.

Sababu ya asali kuifaa ngozi si ngumu kuelewa. Sehemu yake kubwa ni sukari, na maji yake kwa kawaida ni kama sehemu 18 tu katika kila 100. Kwa hiyo huvuta unyevu, na ngozi iliyopakwa haikauki upesi. Tena ina uchachu kidogo, hata vijidudu vingi havisitawi ndani yake. Mtu ambaye mikono yake imekauka kwa sabuni, au midomo yake imepasuka kwa baridi, na apake asali kidogo, angoje dakika 15, kisha aoshe kwa maji ya uvuguvugu. Asali hiyo iwe imechujwa kwa kitambaa safi. Isichemshwe, maana moto mkali huharibu nguvu zake. Wala isitiwe maji na kuwekwa, kwani itachacha.

Mafuta ya kunukia ni jambo lingine. Hupatikana kwa kupitisha mvuke katika majani au maua, kisha mvuke huo hupozwa na mafuta yakakusanywa. Huko Pemba hupatikana katika vikonyo na majani ya mkarafuu. Mkaratusi nao, mti ulioletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za gari la moshi, una mafuta katika majani yake. Tone moja lina nguvu ya majani mengi. Likipakwa peke yake huweza kuunguza ngozi. Kwa mtu mzima, matone 6 yatiwe katika vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi, yaani mililita 30. Kwanza ajaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, angoje siku moja. Ngozi ikiwasha au kuvimba, aache.

Yako mambo matatu ambayo wazazi wasiyasahau.

1. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, ijapokuwa ni desturi ya mahali pengi; wala mama anyonyeshaye asiipake katika chuchu zilizopasuka. Asali huweza kuwa na mbegu za kijidudu zisizomdhuru mtu mzima, lakini katika tumbo la mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza viungo hata kuzuia pumzi.

2. Mafuta ya mkaratusi yasipakwe usoni wala puani mwa mtoto mdogo. Yafungiwe mbali naye, kwani hata kiasi kisichojaza kijiko cha chai, akikimeza, chaweza kumtia katika hatari ya kufa.

3. Mtoto akiungua, asikimbiliwe kwa asali wala mafuta. Mahali palipoungua pamwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali. Asali inayotumiwa na waganga wa hospitali kwa vidonda huwa imesafishwa kwa njia maalumu. Ile ya mzingani siyo hiyo.

Vivyo hivyo, kidonda chenye usaha au upele unaozidi kuenea usingojewe nyumbani. Huo ni wakati wa kuifunika chupa ya asali na kwenda zahanati.